Aljebra ya Mwanzo Isiwe Kikwazo cha Watu Wazima

Katika elimu ya juu ya Marekani, chuo cha jamii ni chuo cha umma kinachotoa masomo ya miaka miwili, hupokea karibu kila mwombaji aliyemaliza sekondari bila kumchuja kwa alama, na hutoza ada iliyo ndogo kuliko ya chuo kikuu. Tangu kilipoanzishwa chuo cha Joliet katika jimbo la Illinois mwaka 1901, ambacho ndicho kikongwe kuliko vyote vya umma vilivyopo hadi leo, vyuo hivi vimekuwa tegemeo la mfanyakazi anayesoma jioni, la mzazi aliyerudi darasani baada ya kulea, na la mhamiaji anayeanza maisha upya. Lakini kwa miongo mingi upokeaji huo wa wote uliandamana na sharti ambalo wengi hawakulitarajia: kabla ya kusoma uuguzi, uhasibu au ualimu, mwanafunzi alipaswa kwanza kupita katika aljebra ya mwanzo.

Kozi hiyo inakusanya mambo ambayo mwanafunzi wa Tanzania au Kenya huyakuta kati ya miaka ya mwisho ya shule ya msingi na miaka ya kwanza ya sekondari, yaani namba hasi, sehemu, mpangilio wa matendo ambao watoto wa Tanzania huukariri kwa neno MAGAZIJUTO, grafu za mistari minyoofu, vipeo, na milinganyo yenye kigeu, ambacho ni herufi inayosimama badala ya namba isiyojulikana. Ikiwa gari linakodishwa kwa dola 40 kwa siku pamoja na senti 50 kwa kila maili, na mteja ana dola 90, umbali anaoweza kwenda huandikwa 40 + 0.5x = 90; ukitoa 40 kila upande hubaki 0.5x = 50, na ukigawanya kwa 0.5 jibu huwa maili 100. Hesabu hii inaonekana nyepesi kwa aliyeizoea, lakini kwa mtu aliyeacha shule miaka 15 iliyopita ina ugumu ambao watafiti wa ufundishaji wa hisabati wameueleza kwa kina: wanafunzi wengi hutoka shule ya msingi wakiisoma alama ya usawa kama amri ya kuandika jibu, ilhali aljebra inawataka waione kama mizani yenye pande mbili, ambayo lolote linalotendwa upande mmoja sharti litendwe na upande wa pili. Mwanafunzi ambaye hajavuka hapo hukariri hatua bila kujua zinatoka wapi, na swali likigeuzwa kidogo tu hupotea. Kumfikisha mtu mzima kwenye uelewa huo ni kazi ya heshima inayohitaji mwalimu mwenye subira na muda wa kutosha, na hakuna sababu ya kuidharau kwa kuwa mada zake ni za kidato cha pili.

Tatizo halikuwa mada hizo, bali mahali zilipowekwa. Mwanafunzi alipofika chuoni alipewa mtihani wa upangaji, yaani jaribio fupi la kompyuta linaloamua aanzie kozi ipi, na alama chache pungufu zilitosha kumshusha hadi chini ya ngazi iliyoanza na hesabu za kawaida, ikapanda hadi aljebra ya utangulizi, kisha aljebra ya mwanzo, kisha aljebra ya kati, na ndipo ikafika kozi ya kwanza inayohesabiwa katika shahada. Kozi zote zilizotangulia zililipiwa, zilikula msaada wa fedha wa serikali wenye ukomo, na hazikumsogeza mwanafunzi hata hatua moja kwenye orodha ya masomo aliyoyafuata.

Madhara ya ngazi hiyo yanaweza kupimwa kwa hesabu ambayo kozi yenyewe inaifundisha. Ikichukuliwa kwamba wanafunzi 100 wanaanza kozi tatu zinazofuatana, kwamba katika kila kozi wanafaulu asilimia 70, na kwamba asilimia 80 ya waliofaulu hujiandikisha katika kozi inayofuata, basi baada ya kozi ya kwanza wanafaulu 70 na kuendelea 56, baada ya pili wanafaulu wapatao 39 na kuendelea 31, na wanaomaliza ya tatu hawazidi 22, ingawa hakuna darasa hata moja ambalo mwalimu wake angelaumiwa kwa matokeo mabaya. Hali halisi haikuwa mbali na hapo. Thomas Bailey na wenzake wa kituo cha utafiti wa vyuo vya jamii katika Chuo Kikuu cha Columbia walichapisha mwaka 2010 uchambuzi ulioonyesha kwamba, kati ya wanafunzi walioelekezwa kwenye hisabati za maandalizi, waliomaliza mlolongo wote walikuwa takriban theluthi moja, na miongoni mwa waliowekwa ngazi tatu chini ya kiwango cha chuo, asilimia 17 tu. Jambo la kuumiza zaidi ni kwamba wengi hawakufeli kozi yoyote. Ama hawakujiandikisha kabisa, ama walifaulu moja na hawakurudi. Miaka miwili baadaye Judith Scott-Clayton, wa kituo hicho hicho, alikadiria kwamba katika hisabati karibu mtihani mmoja kati ya minne ulimpeleka mwanafunzi mahali asipostahili, na hatimaye mmoja wa mitihani mikubwa ya aina hiyo, COMPASS, uliondolewa na wamiliki wake mwaka 2016.

Kutokana na ushahidi huo yalizuka mawazo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa, nayo hayafanani hata kidogo. La kwanza ni la Andrew Hacker, mwalimu wa sayansi ya siasa huko New York, ambaye mwaka 2012 aliuliza hadharani kama aljebra ni ya lazima kweli, akashauri wengi waondolewe mzigo huo. La pili ni kumweka mwanafunzi moja kwa moja katika kozi inayohesabiwa na kumwongezea saa za msaada kando yake, ili kila kipande cha aljebra kifundishwe wiki ile ile kinapohitajika. Safu hii inaunga mkono wazo la pili na kulikataa la kwanza, na sababu yake inapatikana katika maisha ya mtu aliyewahi kufundisha hisabati Same, mkoani Kilimanjaro.

Robert Moses, aliyezaliwa Harlem mwaka 1935 na kuandikisha wapiga kura Weusi huko Mississippi wakati kazi hiyo ilipohatarisha uhai, aliishi Tanzania na familia yake kuanzia 1969 hadi 1976 akiwa mwalimu wa hisabati wa sekondari. Aliporudi Marekani alianzisha mwaka 1982 mradi wa kufundisha aljebra watoto wa maskini, akishikilia kwamba katika uchumi wa kompyuta asiyejua aljebra hutengwa na uraia kamili kama alivyotengwa mkulima wa Mississippi asiyeruhusiwa kupiga kura. Kwa kipimo hicho, kumwambia mhudumu wa hospitali anayetaka kuwa muuguzi kwamba aljebra si ya watu kama yeye ni kumnyima haki kwa sauti ya upole, na kumzuia miaka miwili kwenye ngazi isiyohesabiwa ni kumnyima haki hiyo hiyo kwa njia nyingine.

Njia ya kusaidia mwanafunzi ndani ya kozi halisi imejaribiwa kwa uangalifu. Katika Chuo Kikuu cha Jiji la New York, Alexandra Logue na wenzake waliwapanga kwa bahati nasibu wanafunzi walioonekana kuhitaji aljebra ya mwanzo, wengine wakaisoma kwa namna ya kawaida na wengine wakasoma takwimu za kiwango cha chuo pamoja na warsha za kila wiki. Kundi la kwanza lilifaulu kwa asilimia 39, kundi la takwimu kwa asilimia 56. California ilipitisha sheria mwaka 2017 inayovitaka vyuo vyake vya jamii kumpa kila mwanafunzi nafasi kubwa iwezekanavyo ya kumaliza hisabati za kiwango cha chuo ndani ya mwaka mmoja, na ikaikaza mwaka 2022.

Mageuzi hayo nayo yana upungufu unaopaswa kusemwa wazi. Vyuo vilivyoifuta kabisa kozi ya aljebra ya mwanzo vimemwacha mtu mwenye umri wa miaka 50 asiyekumbuka sehemu akiwa hana pa kuanzia, na walimu wanaolalamikia hilo wana hoja. Kozi hiyo inafaa ibaki kwa anayeichagua mwenyewe. Kinachopaswa kuondoka ni amri ya kuipitia.

Wazungumzaji wa Kiswahili wamo ndani ya jambo hili, kwa kuwa wakimbizi wengi kutoka mashariki ya Kongo, pamoja na Wakenya na Watanzania, huanzia masomo yao ya Marekani katika vyuo hivi, nao hubeba mzigo wa ziada wa kusoma mafumbo ya hesabu kwa Kiingereza. Anayejiandaa kwenda huko, au mwenye ndugu aliyekwisha kufika, azingatie mambo haya. Vyeti na matokeo ya sekondari visiachwe nyumbani, kwa sababu vyuo vingi sasa huvitazama kabla ya kumpangia mtu kozi. Mtihani wa upangaji, pale ungalipo, usifanywe siku ya kwanza bila kurudia milinganyo na sehemu. Na mshauri wa chuo akipendekeza mlolongo wa kozi zisizohesabiwa, aulizwe bila woga kama ipo kozi inayohesabiwa yenye saa za msaada, kwa kuwa mara nyingi ipo.