Limao Usoni, Jua la Ziwani: Nani Kawadanganya Wadada wa Liuli?

Mastaa wetu wa kike wakiulizwa siri ya uso laini, jibu ni lile lile: maji mengi na limao. Basi! Hakuna anayetaja filta, taa za studio wala hela inayoachwa kliniki. Na watu wanameza.

Ushauri huo unafika mpaka Liuli, kule wilaya ya Nyasa, bando likiwepo tu. Dada mmoja pale, muuza dagaa, alikuwa na doa moja la chunusi shavuni na send-off ya mdogo wake inakaribia. Akakamua limao na ndimu asubuhi, akapaka, akaenda kuanika dagaa mchangani. Jamani. Ndimu na limao zina asidi kali, halafu hasa ndimu ina kemikali ambayo ikikutana na jua inaunguza ngozi kabisa. Na jua la ziwani si la juu tu, maji na mchanga navyo vinalirudisha usoni. Mashavu yakababuka, yalipopona yakaacha weusi. Alikuwa anafuta doa moja, akapata ramani.

Wengine watasema ngozi nyeusi haihitaji kukingwa na jua. Si kweli. Melanini inasaidia, ndiyo maana weusi hawaungui haraka kama wazungu, lakini jua linayakoleza yale madoa ya chunusi na kuyafanya yakae miezi. Mafuta ya kuzuia jua bei yake imechangamka, hilo lisipingwe. Kofia pana au kanga kichwani inafanya kazi kubwa bila kelele.

Dawa ya meno juu ya chunusi? Inakausha na kuchubua, mwisho unabaki na kidonda. Kusugua uso kwa unga wa kahawa kila siku nako ni yale yale. Kahawa ya Mbinga ni ya kunywa, wadau. Chunusi haziji kwa sababu uso ni mchafu, zinaanzia ndani ya kitundu cha nywele kilichoziba mafuta, na homoni zimo. Ukisugua unaziongezea hasira. Hata zile krimu za famasi zenye benzoili peroksaidi zinataka wiki 6 hadi 8, siyo siku tatu kabla ya sherehe.

Sasa tuje kwenye hatari yenyewe. Baada ya limao kumharibu, yule dada aliuziwa krimu ya kupimiwa, kwenye kikopo kisicho na jina wala lebo. Wiki ya kwanza uso ukatakata, kila mtu anamsifia. Hapo ndipo mkorogo unapomnasa mtu. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania, na tangu 2019 kazi ya kusimamia vipodozi iko TBS. Zebaki inaingia mwilini na kuumiza figo. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu inaweza kuleta weusi wa kibuluu usoni, mgumu kuutoa. Vikopo vingine vina steroidi kali kama klobetasoli, ambayo ni dawa ya hospitali. Inakonda ngozi mpaka mishipa inaonekana, na chunusi zinarudi kwa wingi.

Kumcheka na kumwita "mchina wa kichina" ni rahisi. Lakini nani alimwambia uso wake ulikuwa mbaya? Wale wale wanaomsifia akiwa mweupe.

Na jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi kabisa: aliyepaka steroidi kwa miezi akiacha ghafla, uso unaweza kuwaka moto na kuvimba, naye anarudi kununua akidhani ilikuwa inamsaidia. Asirudi dukani. Achukue kikopo chake, aende nacho hospitali, pale pale Liuli kuna Mtakatifu Anna, amwonyeshe daktari bila aibu kile alichokuwa anapaka na kwa muda gani.