Rukuu baada ya kuunganishwa pingili za kiuno

Katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe hadi Ujiji, mpagazi wa Kinyamwezi alibeba begani mzigo wa takribani kilo 30, siku baada ya siku. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, lakini mizigo haijatuacha: magunia ya mpunga, marobota ya tumbaku, ndoo za maji. Baadhi ya migongo hiyo hupewa rufaa hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili, na familia huuliza: je, mzee wetu atarukuu na kusujudu tena?

Kiuno kina pingili 5. Katika upasuaji huu, pingili 2 au zaidi hufungwa kwa skurubu na fito za chuma, na mfupa hupandikizwa kati yake ili ziote pamoja. Kiungo hicho hakitakunjika tena. Ndilo kusudio lenyewe, na mgonjwa asifichwe. Lakini sehemu kubwa ya rukuu hutoka kwenye nyonga. Aliyefungwa kiungo kimoja aghalabu huona tofauti ndogo. Mwingine huinama vizuri kuliko zamani, kwa kuwa maumivu ndiyo yaliyomkakamaza. Aliyefungwa viungo 3 au 4 ni habari nyingine: hata kuosha miguu wakati wa udhu huwa kazi. Basi kabla ya kutia saini, muulizeni daktari ni viungo vingapi.

Miezi ya mwanzo mfupa haujashika. Kuinama, kujipinda na kubeba hukatazwa. Wapo wazee wanaong'ang'ania sijda kwa machozi, nasi, kwa bahati mbaya, huwasifu. Imran bin Huswayn (r.a.) alipougua, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza asali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Anayekaa huashiria, sijda ikiwa chini kidogo kuliko rukuu.

Kwetu, mkoa wa tumbaku, liko na hili: sigara huchelewesha mfupa kuunga, na pengine usiunge kabisa. Mvutaji aache kabla ya upasuaji, si baada yake.

Viungo vilivyo juu na chini ya vilivyofungwa hubeba kazi ya ziada, na huweza kuchakaa mapema. Ndiyo maana wataalamu wa mazoezi ya viungo humfundisha mgonjwa kuokota kitu kwa kukunja magoti na nyonga, mgongo ukiwa umenyooka. Ndoo ya maji na abebe kijana wa nyumba.