Sweta za Krismasi na jasho la hatari

Desemba hufika hapa Mombasa pamoja na kaskazi na joto la nyuzi 30 na zaidi, na karamu za ofisi hazikosi. Siku hizi umezuka mtindo wa wafanyakazi kuvaa sweta za Krismasi za kuchekesha, zenye kulungu wa pua nyekundu na watu wa theluji. Anayevaa iliyo mbaya kuliko zote hupewa zawadi. Mchezo huu ulipata umaarufu Canada na Marekani katika miaka ya 2000, na huko Desemba ni baridi kali. Sisi huzinunua sweta hizo kwenye mitumba ya Kongowea, tukazivaa chini ya mibuyu ya Mama Ngina, saa nane mchana.

Sina ugomvi na kicheko. Watu waliofanya kazi pamoja mwaka mzima wanastahili kucheka pamoja. Ugomvi wangu ni na faini.

Desemba iliyopita nililetewa karani mmoja wa makamo, mgonjwa wa kisukari. Ofisini mwake walikubaliana kwamba atakayevua sweta kabla ya chakula atalipa faini. Chakula kilipangwa saa saba, lakini mkubwa wa ofisi alichelewa hadi saa tisa na nusu, na pilau ikabaki imefunikwa ikimngoja. Karani alikuwa amekwisha kumeza dawa yake ya asubuhi. Aliona haya kuomba chakula mapema, kwa kuwa hakutaka wenzake wajue ugonjwa wake.

Dawa kadhaa za kisukari huendelea kushusha sukari hata kama mtu hajala. Sukari ikishuka mno, mgonjwa hutoka jasho, hutetemeka, moyo humwenda mbio, kisha huanza kusema maneno yasiyoeleweka. Lakini siku ile kila mtu alikuwa akitoka jasho ndani ya sweta, kwa hiyo jasho lake halikumshtua yeyote. Alipoanza kupepesuka walimcheka, wakidhani amelewa. Mtu huyo hanywi pombe. Kipimo changu kilionyesha sukari 2.1, ilhali ikiwa chini ya 4 tu tayari ni hatari.

Jambo la kusikitisha ni kwamba dawa ilikuwa mezani. Chupa ndogo ya soda ya kawaida, au vijiko vitatu vinne vya sukari katika maji, ingemrudisha katika dakika chache, kisha angekula. Hata hivyo, mgonjwa aliyepoteza fahamu asitiwe kitu chochote mdomoni. Mlaze kwa ubavu, umkimbize hospitali.

Si wenye kisukari peke yao walio hatarini. Mwili hujipoza jasho linapokauka, na katika unyevu wa pwani jasho hukauka kwa taabu hata bila sweta. Wazee, wajawazito na wanaotumia dawa za presha za kukojoza huzidiwa upesi. Mtu aliyechanganyikiwa kwenye joto mpeleke kivulini, mvue sweta, mmwagie maji, mpepee, na mtafute daktari upesi.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Ni kweli, nawe mwenye kisukari mwambie japo mwenzako mmoja unayemwamini. Lakini nauliza: nani humfundisha mgonjwa kuficha, kama si sisi tunaomcheka anayekataa keki, na kumtoza anayevua sweta?

Kwa hiyo nawasihi wakubwa wa ofisi: wekeni chakula kwa wakati hata kama hamjafika, maji yawe tele, na asiyetaka kuvaa sweta aachwe bila kuulizwa sababu. Nawe msomaji, mwenzako akipepesuka karamuni, kabla ya kucheka muulize kama amekula.

Sikukuu njema.