Askari Naye ni Mkazi

Kila siku ya kazi, kabla jua halijapanda, barabara ya Jinja hujaa watu watokao Kireka, Bweyogerere na Kyaliwajjala kuelekea Kampala. Wamo makarani, walimu, mafundi na wachuuzi. Na wamo wengi waliovaa sare za polisi na za jeshi, wamesimama kando ya barabara wakingoja teksi kama wenzao. Jioni wote hurudi kwa njia hiyo hiyo. Mji wa Kira, uliomo katika Wilaya ya Wakiso, umekua kwa watu wa namna hiyo, wanaofanya kazi mahali pengine na kuja kulala hapo. Sensa ya 2014 ilihesabu humo watu 317,157, wakati Mbarara, mji wenye jina kubwa zaidi, ulikuwa na watu 195,013.

Leo hatukusudii kuzungumza juu ya mipaka ya nchi wala juu ya silaha. Tunataka kuzungumza juu ya mtaro wa maji.

Hivi karibuni tulihudhuria mkutano wa kijiji katika mtaa mmoja wa mji huo, ambao hatutautaja jina. Ulikuwa mkutano wa kawaida wa Jumapili alasiri: viti vya plastiki vilivyoazimwa kanisani, kina mama upande mmoja, vijana wa bodaboda wameegemea pikipiki zao nyuma kabisa. Walizungumzia takataka zinazochomwa usiku, taa ya barabarani iliyokufa, na mtoto aliyegongwa karibu na shule. Kisha wakafika kwenye mtaro. Mtaro huo unachukua maji ya mvua kutoka mlimani hadi bondeni, na katika msimu wa mvua uliopita maji yalikataa kupita, yakaingia katika nyumba sita. Kila mtu aliyekuwapo alijua sababu: ukuta mpya uliojengwa umekula nusu ya mtaro na sehemu ya njia ya miguu. Mwenyekiti alitazama karatasi yake, akakohoa, akasema jambo hilo litaangaliwa baadaye. Hakuna aliyebisha. Mwenye ukuta ni mtu wa sare.

Tulipomwuliza mzee mmoja baada ya mkutano kwa nini hakuna aliyesema, alijibu kwamba hakuna aliyetishwa. Mwenye ukuta hajamtishia mtu yeyote. Wala huenda hajui kwamba ukuta wake unaudhi watu, kwa sababu tangu ahamie hapo hajaonekana katika mkutano hata mmoja. Watu waliiona tu sare ikipita asubuhi, wakaamua wenyewe kunyamaza.

Ndugu askari, jambo hili ndilo linalotusumbua. Woga wa raia mbele ya sare una historia ndefu katika nchi hii, na baadhi ya historia hiyo imeandikwa kwa lugha hii hii tunayoitumia katika ukurasa huu. Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Lakini mwananchi wa Kampala na vitongoji vyake hakuisikia lugha hiyo darasani. Aliisikia kizuizini barabarani, kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 maneno mawili ya Kiswahili, "panda gari", yalitosha kuwafanya watu wazima wakimbilie migombani, kwa maana aliyepandishwa lori hilo hakuwa na hakika ya kurudi. Tangu 2005 Katiba imekitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Wapo wazee wa Kira ambao mpaka leo, wakisikia Kiswahili mlangoni, huuliza kwanza kuna nini. Lawama haiwaendei wao.

Katiba yenyewe inaeleza wazi mahali pa askari. Ibara ya 208 inalitaka jeshi liwe la kizalendo, lenye nidhamu, lenye kuzalisha mali, na lililo chini ya mamlaka ya kiraia. Ibara ya 209 inalipa jeshi kazi ya kukuza maelewano kati yake na raia, na ya 212 inawaagiza polisi kushirikiana na mamlaka ya kiraia na wananchi. Afisa akisoma ibara hizi huwafikiria Rais, Bunge na mawaziri. Ni sawa. Lakini mamlaka ya kiraia ina ngazi, na ngazi ya chini kabisa ni mwenyekiti wa LC1, mwenye duka la sabuni na mafuta ya taa, ambaye serikali humlipa shilingi 120,000 kwa mwaka mzima. Mwaka 2018 wananchi walimchagua kwa kupanga mstari nyuma yake mchana kweupe, baada ya kuukosa uchaguzi huo tangu 2001. Askari anayempigia saluti waziri na kumpita mwenyekiti wake wa kijiji bila salamu ameielewa nusu ya Katiba.

Kuna kichekesho kidogo hapa, na polisi watatusamehe tukikitaja. Nenda katika kituo chochote cha polisi kumtolea mtu dhamana. Ukutani pameandikwa kwamba dhamana ya polisi ni bure, na hilo ni jambo jema. Lakini utaombwa barua ya LC1 kuthibitisha kwamba unajulikana mahali unapokaa. Anayeiomba barua hiyo, koplo au sajini, mara nyingi anapanga chumba katika kijiji ambacho yeye mwenyewe hajulikani. Kama siku moja angetakiwa kuleta barua yake, sijui mwenyekiti gani angeiandika.

Hatusemi kwamba askari wanafanya hivyo kwa kiburi. Tunayajua maisha yao. Nyumba za kambini hazitoshi. Wapo polisi wanaoishi na familia zao katika vibanda vya bati vya mviringo ambavyo mchana huwaka kama tanuri, na anayepata nafasi ya kupanga nje huikimbilia. Zamu ya usiku humlaza mtu mchana, siku ambayo wenzake wanakutana. Uhamisho huja kwa barua ya leo na safari ya kesho. Na ipo sababu nyingine, nzito zaidi, ambayo askari wengi hutueleza kwa sauti ya chini: wanaogopa kujulikana.

Hofu hiyo si ya kubuni. Tarehe 17 Machi 2017 Andrew Felix Kaweesi, aliyekuwa Inspekta Jenerali Msaidizi wa Polisi, alipigwa risasi Kulambiro mara tu alipotoka nyumbani kwake, akafa pamoja na dereva na mlinzi wake. Tarehe 1 Juni 2021, huko Kisaasi, watu waliokuwa juu ya pikipiki walilimiminia risasi gari la Jenerali Katumba Wamala. Yeye alinusurika, lakini binti yake na dereva wake walikufa. Yote mawili yalitokea katika mitaa ya makazi, asubuhi, katika njia za kila siku. Askari aliyeyaona hayo ana haki ya kufikiri mara mbili kabla ya kuwaambia watu anakaa wapi.

Lakini tumwombe afikiri mara ya tatu. Jirani zake wanajua anakaa wapi. Mtu wa sare hawezi kujificha katika mji ambao kila mtu hungoja teksi mahali pamoja. Wasichokijua ni yeye ni mtu wa namna gani. Mgeni akizunguka na pikipiki siku tatu mbele ya lango la askari, wa kwanza kumwona ni muuza chapati wa pembeni, au mama mwenye nyumba za kupanga anayefagia uwanja alfajiri. Mama huyo amwambie nani? Kama anamfahamu askari kwa jina, na mke wake, na watoto wake wanaocheza na wake, ataugonga mlango kabla chai haijachemka. Kama anamfahamu kwa ukuta wake tu, ataendelea kufagia.

Watu wa Kira wenyewe wamekwisha kuwaona askari wakiwa na sura nyingine. Uwanja wa Mandela wa Namboole, uliofunguliwa 1997 hapo Bweyogerere, ulipochakaa ulikarabatiwa na wahandisi wa jeshi, na Agosti 2025 ukapokea mechi za mashindano ya CHAN. Wakazi walizoea kuwaona wanajeshi wenye koleo na toroli, na tumewasikia wakijivunia kazi hiyo kama kwamba waliifanya wao. Kila mwaka tarehe 3 Juni, mahujaji wanapofika Namugongo kwa mashahidi waliouawa 1886, wengine wakiwa wametembea kwa miguu kutoka mbali, hata Kenya na Tanzania, polisi husimama juani kutwa nzima wakiwaelekeza watu, na kina mama wa Kyaliwajjala huwapelekea maji. Na Kiteezi, katika wilaya hiyo hiyo ya Wakiso, mlima wa takataka za Kampala ulipoporomoka tarehe 10 Agosti 2024 na kufunika nyumba na watu zaidi ya 30 wakafa, askari walikuwa miongoni mwa waliowatafuta waliofukiwa. Siku hizo hakuna aliyekimbia sare.

Basi ugumu uko wapi? Tunaona kwamba askari hujitokeza kwa amri, na amri ikiisha huondoka. Kusafisha mtaro wa kijiji hakuna amri. Waganda wa eneo hili wanaiita bulungi bwansi, kazi ya pamoja kwa ajili ya nchi, na mkubwa wa kazi hiyo ni mwenyekiti. Huko ndiko askari anakotakiwa aende bila kutumwa, siku yake ya mapumziko, amevaa shati la kawaida. Silaha ibaki ghalani na cheo kibaki kazini. Katika mkutano ule ule tuliousimulia alikuwapo sajini mmoja wa polisi, mwanamke, ambaye wengi walimwita Mama Nakato tu. Alikuwa amechaguliwa kuandika majina ya watakaoleta majembe. Alipomfikia kijana aliyekataa, alimwambia kwamba hata yeye ametoka zamu ya usiku, na kijana akaandikwa. Hatukusikia neno jingine lolote la kipolisi kutoka kwake.

Tungependa makamanda nao wasaidie. Askari akipangiwa kituo kipya na kuruhusiwa kukaa nje ya kambi, mkubwa wake angeweza kumwuliza baada ya mwezi mmoja kama amejitambulisha kwa mwenyekiti na kwa katibu wa usalama wa kijiji. Swali hilo halihitaji fungu la fedha. Askari anayedaiwa dukani, au aliyegombana na jirani juu ya mpaka wa kiwanja, naye akumbuke kwamba mahakama za mabaraza zina nguvu ya sheria tangu 2006, na kwenda kusikilizwa mbele ya kina mama na wazee wa mtaa hakumpunguzii mtu nyota begani.

Turudi kwenye ukuta. Fundi mmoja alituonyesha kwamba haulazimu kubomolewa wote; ukisogezwa ndani hatua mbili upande wa chini, maji yatapita na njia itafunguka. Matofali yale yale yatatumika tena. Kijiji kiko tayari kutoa vibarua wa kuchimba, na Mama Nakato anayo orodha ya majembe. Kilichobaki ni mwenye ukuta kuambiwa, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwambia, tunamwambia sisi kwa heshima zote, tukitumaini kwamba anausoma ukurasa huu. Mvua za Machi zinakaribia. Mwenyekiti hupatikana dukani kwake kila jioni baada ya saa kumi na mbili.