Safari fupi Mazatlán? Jihadhari na mbu wa mchana

Mzazi unayeishi Marekani na unayepanga kuwapeleka watoto Mazatlán, Mexico, kwa siku tatu au nne, anza na usalama. Serikali ya Marekani imekuwa ikiwapa raia wake tahadhari kali kuhusu jimbo la Sinaloa, ulipo mji huo. Soma tahadhari ya karibuni kabla ya kulipia tiketi.

Mkiamua kwenda, ya kuona yapo: barabara ndefu ya ufukweni, mnara wa taa juu ya kilima, na mji mkongwe wenye jumba la maonyesho la Ángela Peralta. Mwimbaji huyo maarufu alifika Mazatlán na kundi lake mwaka 1883, akafariki huko kwa homa ya manjano.

Mbu anayeeneza homa hiyo, Aedes, ndiye pia anayeeneza dengue, ugonjwa uliowasumbua wakazi wa Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, na ambao Mexico nayo inao. Tofauti na mbu wa malaria, huyu huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi.

Kabla na wakati wa safari:

• Chagua miezi ya Desemba hadi Aprili, mvua zikiwa chache.
• Mvalishe mtoto nguo nyepesi za mikono mirefu.
• Mpake kwanza mafuta ya kukinga jua, kisha dawa ya kufukuza mbu. Dawa hiyo haimfai mtoto wa chini ya miezi miwili. Mfunike kwa chandarua.
• Pandeni kilima cha mnara asubuhi na mapema, na mbebe maji ya chupa.

Jambo ambalo wazazi wengi hulisahau ni kwamba dalili za dengue hujitokeza siku 4 hadi 10 baada ya kuumwa. Kwa safari fupi, mtoto anaweza kuanza kuchemka mkiwa mmesharudi nyumbani. Mpeleke hospitali na umwambie daktari mlikotoka. Mpe maji ya kutosha na paracetamol kwa kipimo cha umri na uzito wake. Usimpe aspirin wala ibuprofen, kwani zinaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu.

Homa ikishuka, usiache kumwangalia. Akilalamika tumbo kuuma sana, akitapika mfululizo, akitokwa damu puani au kwenye fizi, au akilegea, mrudishe hospitali mara moja.