Alama za siri za Reiki: mgonjwa hulipia nini?

MTU anayetaka kuitwa mwalimu wa Reiki siku hizi halazimiki kufunga safari ya Japani wala kukaa miaka chini ya mlezi. Mafunzo ya tiba hiyo ya kuweka mikono yanauzwa kwenye intaneti, na baadhi ya wauzaji huahidi cheti cha ngazi ya juu baada ya siku chache tu, huku ibada ya kumfungua mwanafunzi ikifanywa kwa mbali, mwalimu akiwa bara hili na mwanafunzi bara lile.

Biashara hiyo inarudisha mjadala wa zamani kuhusu kile hasa kinachoitenganisha ngazi ya juu na ya chini katika Reiki. Jibu la walimu wenyewe ni alama.

Katika nchi za Magharibi Reiki hufundishwa kwa kawaida kwa ngazi tatu. Katika ya kwanza mwanafunzi hujifunza kuweka mikono juu ya mwili wake na wa wengine. Katika ya pili hupewa alama tatu: Cho Ku Rei, inayodaiwa kuongeza nguvu, Sei He Ki, ya kutuliza akili na hisia, na Hon Sha Ze Sho Nen, inayodaiwa kuivusha tiba hadi kwa mtu aliye mbali, na hata kuirudisha nyuma hadi kwenye machungu ya miaka iliyopita. Ngazi ya tatu huongeza Dai Ko Myo, alama ya walimu, inayotumika kuwafungua wanafunzi wapya.

Mtoa tiba huichora alama hewani kwa kidole, kwenye kiganja au akilini mwake, kisha hulitaja jina lake mara tatu. Msomaji wa pwani aliyekulia karibu na kombe na hirizi hatashangazwa na wazo kwamba maandishi yanaweza kubeba uponyaji. Kinachoshangaza ni bei, na historia ya kufichwa kwa alama hizo.

Mwanzilishi wa Reiki, Mikao Usui, alizaliwa mwaka 1865. Kwa mapokeo ya wafuasi wake, aliipata tiba hiyo mwaka 1922 baada ya kufunga katika Mlima Kurama, karibu na Kyoto. Mwaka uliofuata tetemeko kubwa la Kanto liliiharibu Tokyo, na jiwe la kumbukumbu lililosimamishwa mwaka 1927, mwaka mmoja baada ya kifo chake, linamsifu kwa kuwahudumia majeruhi. Mwanafunzi wake, Chujiro Hayashi, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini, alifungua zahanati mjini Tokyo. Huko ndiko alikotibiwa Hawayo Takata, mzaliwa wa Hawaii mwenye asili ya Japani, katikati ya miaka ya 1930.

Takata ndiye aliyeipa Reiki sura inayojulikana leo nje ya Japani. Alama zilikaririwa kichwani, wala mwanafunzi hakuruhusiwa kuondoka nazo zikiwa zimeandikwa. Ada ya ngazi ya ualimu ilikuwa dola 10,000 za Marekani, na hadi alipofariki Desemba 1980 alikuwa amewafikisha watu 22 kwenye ngazi hiyo. Ni yeye pia aliyesimulia kwamba Usui alikuwa Mkristo aliyeongoza Chuo Kikuu cha Doshisha mjini Kyoto, habari ambayo watafiti waliokuja baadaye hawakuikuta katika kumbukumbu za chuo hicho. Watetezi wake husema kwamba baada ya vita vya Pearl Harbor, tiba ya Kijapani isingepokelewa Marekani bila kuvishwa nguo za Kimagharibi. Utetezi huo una uzito wake, lakini haugusi suala la ada.

Siri yenyewe haikudumu. Inaelezwa kwamba baadhi ya walimu hao walipokutana baada ya kifo cha Takata na kulinganisha michoro yao, waligundua kuwa haifanani. Kwa fundisho linalodai kwamba nguvu imo katika alama, hilo lilikuwa pigo kubwa, ingawa wengi walilimaliza kwa kusema kwamba nia ya mchoraji ndiyo muhimu. Mwaka 1995 mwandishi wa Marekani, Diane Stein, alizichapisha alama hizo kitabuni, na tangu hapo yeyote mwenye fedha ya kununua kitabu aliweza kuziona.

Soko halikufa kwa sababu hiyo. Lilipanda ngazi nyingine. Katika miaka ya 1990 William Lee Rand, pia wa Marekani, alianzisha Karuna Reiki, yenye alama zake na jina lililosajiliwa kibiashara, kwa ajili ya watu ambao tayari ni walimu. Mwaka 2014 aliongeza mfumo mwingine, Holy Fire. Aliyedhani amefika kileleni alionyeshwa kilima kipya.

Je, alama hizo hufanya kazi? Swali hilo limewahi kupimwa. Mwaka 2008 yalichapishwa nchini Marekani matokeo ya jaribio lililohusisha wagonjwa 100 wa fibromyalgia, maradhi ya maumivu sugu ya misuli. Baadhi walihudumiwa na walimu wa Reiki na wengine na waigizaji waliojifanya walimu, wengine kwa kuguswa na wengine kwa mbali. Maumivu hayakupungua kwa sababu ya Reiki, na walimu hawakuwazidi waigizaji. Jaribio hilo liligusa kiini cha ngazi za juu, kwa kuwa lilimpima mwalimu aliyefunguliwa na tiba ya mbali kwa pamoja.

Mwaka 2011 utafiti mwingine, uliohusisha wagonjwa 189 wa saratani waliokuwa wakipewa tiba ya kemikali, ulitoa jibu linalostahili kusomwa kwa makini zaidi. Waliopata Reiki walijisikia nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Lakini waliopata Reiki ya kuigiza nao walijisikia vivyo hivyo. Watafiti walihitimisha kuwa kilichosaidia ni kuwapo kwa muuguzi aliyekaa na mgonjwa mmoja mmoja.

Hapo ndipo hoja ya wapenzi wa Reiki, kwamba wagonjwa hutulia kweli, inapokubalika na kugeuka wakati huohuo. Mgonjwa hutulia. Anayetuliza ni mtu aliyetenga saa nzima kukaa naye, jambo ambalo wodi iliyojaa haimpatii, na ambalo halihitaji Dai Ko Myo wala dola 10,000.

Hatari huanza pale mwenye cheti anapoacha kumliwaza mgonjwa na kuanza kuahidi uponyaji. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2017, ambao haukuihusu Reiki peke yake, uliwafuatilia wagonjwa 281 wa saratani ambayo haikuwa imesambaa, waliochagua tiba mbadala badala ya hospitali. Uwezekano wao wa kufariki ulikuwa mara mbili na nusu ya ule wa waliotibiwa kwa njia za kawaida. Walimu wengi wa Reiki huwaambia wateja wao wasiache dawa, na wanastahili kutambuliwa kwa hilo. Hata hivyo, hakuna chombo kinachohakikisha kwamba wote hufanya hivyo.

Maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini Marekani walitoa mwongozo Machi 2009 wakisema Reiki haifai kutolewa katika taasisi za Kanisa, kwa kuwa haina msingi wa kisayansi wala wa Kikristo. Nchini Uingereza ipo sajili ya hiari, lakini hakuna sheria inayomzuia mtu kujiita mwalimu wa Reiki. Iliyopo ni sheria ya mwaka 1939 inayokataza kuutangazia umma tiba ya saratani. Ilitungwa enzi za magazeti na vipeperushi. Ukurasa wa mwalimu aliyeko California husomwa na mgonjwa wa Leeds au wa Mombasa kwa dakika ileile, na mwalimu huyo ni vigumu kufikiwa na sheria ya London.