ARUSI ZA WAFALME NA MFUKO WA RAIA

Wako wenzetu wasemao kwamba nchi isiyo na mfalme ni nchi isiyo na furaha, na hutoa mfano wa Busoga, Uganda, ambako Kyabazinga William Gabula Nadiope IV alimwoa Jovia Mutesi tarehe 18 Novemba 2023 katika kanisa kuu la Bugembe. Twakubali kuwa watu walifurahi. Lakini furaha ya siku moja si hoja ya kutawaliwa, na wanachama hawana budi kulipima jambo hili kwa mizani nyingine: nani hulipa, na nani aweza kukataa kulipa?

Katika hili Waganda wanalo la kutufunza. Falme zao zilifutwa mwaka 1967, zikarudishwa 1993, na Katiba ya 1995 ikatamka kuwa hapana mtu atakayelazimishwa kumtii kiongozi wa jadi wala kuchangia gharama zake. Kwa hiyo Kabaka Mutebi alipomwoa Sylvia Nagginda mwaka 1999, asiyetaka kutoa alikuwa na sheria upande wake. (Je, michango tuombwayo sisi siku hizi ina kinga ya namna hiyo?)

Tuje kwetu. Arusi ya kifalme iliyoacha alama kubwa katika historia ya Unguja haikupigiwa ngoma. Seyyida Salme, binti wa Seyyid Said, alitoroka mwaka 1866, akaolewa Aden mwaka 1867 na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Mwaka 1885 manowari za Ujerumani zilipokuja kumtisha ndugu yake, Seyyid Barghash, ayakubali madai ya Wajerumani huko bara, bibi huyu aliletwa pamoja nazo. Ndoa ya watu wawili ikafanywa silaha ya dola, kwa sababu tu damu ya bibi arusi ilihesabiwa kuwa mali ya nchi. Na bara hiyo waliyoitwaa Wajerumani ikaja kufika mpaka Ufipa.

Nayaandika haya Katandala, Sumbawanga, katika Ufipa hiyo hiyo. Wafipa husimulia kuwa mtawala wa Milansi alipokuwa mawindoni walifika wanawake watatu wageni, wakatwaa kiti chake. Ndipo ukaanza utawala wa ukoo wa Twa, uliokuja kushika Nkansi na Lyangalile. Milansi ilipokonywa amri, haikupokonywa heshima. Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika ikafuta mamlaka ya machifu, na warithi wa wageni wale nao wakakipoteza kiti. Wafipa hawakuacha kuoana kwa sababu hiyo, wala ngoma zao hazikunyamaza.

Sisi visiwani hatuna Sultani tangu tarehe 12 Januari 1964, na Seyyid Jamshid mwenyewe alifariki Omani mwezi Desemba 2024. Hakuna amwombaye arudi. Lakini mkubwa anapooza mtoto wake, barabara ikafungwa, gari la Serikali likabeba vyombo vya arusi, na karani wa mshahara mdogo akapelekewa karatasi ya mchango na msimamizi wake wa kazi, huyo karani atakataaje? Kyabazinga hana uwezo wa kumhamisha mtu kazini. Mkubwa wetu anao.

Basi wawakilishi wetu na waidai Barazani sheria iliyo wazi: karatasi ya mchango wa arusi isipite katika ofisi ya umma, na gari la Serikali likionekana arusini, aliyelitoa alipe mafuta.